Goti la Bibi, moyo wa Mwaju

"Si ndiyo hii yangu hiyo?"

Bibi aliuliza huku kiganja chake kimelifunika goti la kulia, kama mtu anayeficha kitu asionwe nacho. Daktari alikuwa ameutaja ugonjwa kwa mara ya kwanza: homa ya baridi yabisi. Tulikuwa kliniki ya moyo, Upanga, feni inazunguka juu yetu bila kuleta upepo. Mwaju alikuwa nyuma ya pazia, anafunga vifungo vya shati la shule baada ya kupimwa.

Daktari hakulielewa swali. Mimi nililielewa, na nilitamani nisilielewe.

Bibi ana baridi yabisi tangu nipate akili. Goti lake hutangulia mvua. Likianza kuuma tunajua masika yamefika Pugu na kesho yatakuwa Buguruni. Hulichua kwa mafuta ya nazi aliyoyachemshia karafuu, akalifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, akalala. Na kwa miaka yote ambayo Mwaju ameishi naye, amelala ubavuni kwake, kitanda kimoja, shuka moja, mguu wa mtoto umepanda juu ya goti hilohilo.

"Basi nimemwambukiza mimi," alisema.

"Hapana, bibi," daktari alijibu kwa upole. "Hii ni nyingine." Akaandika, akatukabidhi karatasi ya dirisha la dawa, akaita anayefuata. Simlaumu. Benchi la nje lilikuwa limejaa watoto.

Usiku ule Bibi alitandika mkeka chini, kando ya kabati. Alimwambia Mwaju joto limezidi.

Ilikuwa Julai, kipupwe kimekolea, na sote tulikuwa tunajifunika.

Miezi minne sasa lile "hapana" la daktari linanizungukia kichwani. Nimesoma, nimeuliza manesi, nimekaa na wazazi wengine kwenye foleni, na kila ninavyozidi kuelewa naona kwamba daktari alisema kweli, lakini Bibi naye hakuwa mbali sana na kweli. Ndiyo maana ninaandika.

(Mwaju si jina lake. Ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, ni mtoto wa dada yangu. Bibi ni mama yangu mzazi, lakini tangu wajukuu waje sote tunamwita hivyo. Wote wawili wamenikubalia.)

## Neno lililotupoteza

Yabisi ni kavu, gumu, kisichopindika. Wazee wetu waliona viungo vinakakamaa, wakaona maumivu yanazidi kwenye ubaridi, wakaunganisha maneno mawili. Ni neno zuri. Tatizo ni kwamba limebebeshwa magonjwa mengi kuliko linavyoweza kubeba.

Goti la Bibi limesagika. Miaka ya kubeba ndoo kichwani na kuinama kwenye beseni la nguo imeula ule utando laini unaotenganisha mfupa na mfupa. Kuna baridi yabisi nyingine, ile inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili asubuhi, hiyo ni kinga ya mwili kuvishambulia viungo mwaka baada ya mwaka. Na kuna hii ya Mwaju, ambayo huanzia kooni.

Kooni! Nani angefikiria?

Tukisikia baridi yabisi, Dar nzima tunamwona mzee na mkongojo. Ugonjwa huu huanza zaidi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Umri wa kuruka kamba. Viungo vinauma, ndiyo, lakini vinauma vikapona vyenyewe na haviachi kovu. Kovu hubaki kwenye moyo. Karne ya 19 daktari mmoja wa Ufaransa, Ernest Lasègue, alisema kwamba homa hii huvilamba viungo, lakini moyo huung'ata. Nilipoisoma sentensi hiyo nilikuwa ndani ya mwendokasi, karibu na Magomeni. Nilipitiliza kituo.

## Goti, kisha kifundo, kisha kiwiko

Miaka miwili iliyopita Mwaju aliamka hawezi kukanyaga. Goti limevimba, lina moto, hataki hata shuka liliguse. Siku tatu baadaye goti zima, kifundo cha mguu wa pili kimevimba. Halafu kiwiko. Maumivu yalikuwa yanahama kama mpangaji asiye na kodi.

"Anakua," alisema jirani.

"Anakua," nilisema na mimi.

Tulimpeleka mahali ambapo sitapataja. Walipima malaria, hana. Wakapima taifodi, wakasema ipo kidogo. Wakampa dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, na kwa kweli zilifanya kazi kiasi cha kutudanganya: ndani ya siku mbili Mwaju alikuwa anakimbia. Leo najua kwamba viungo vya ugonjwa huu hulainika upesi sana kwa dawa za aina hiyo, na mtu anaweza kudhani amepona. Hakuna aliyeweka kipimo cha kusikilizia moyo kifuani kwake. Wala mimi sikuomba.

Mwaka huu, baada ya Idi, ilirudi. Safari hii na homa, na mapigo ya moyo yanayokimbia hata akiwa amekaa, na usiku alikuwa anaomba mto wa pili kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Mganga wa zahanati moja ya mtaani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu. Akahamisha kipimo kuelekea kwapa la kushoto. Akasikiliza tena.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Huyu mtoto alishaumwa koo?"

Nani hajaumwa koo? Nilitaka kumjibu hivyo. Lakini njiani kurudi nilianza kukumbuka. Simu yangu sifuti ujumbe wa malipo, na nilipoutafuta niliuona: duka la dawa, miaka miwili nyuma, pesa kidogo tu. Siku 19 kabla ya goti. Mwaju alikuwa na mafindofindo, homa kali, tezi za shingo zimevimba, hawezi kumeza mate. Hakuwa na mafua wala kikohozi. Nilinunua vidonge vya rangi mbili vichache, vile nilivyokuwa na hela yake. Siku ya tatu alikuwa anakula, nikavihifadhi vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake.

Kipindi kati ya koo na viungo huwa wiki mbili hadi nne hivi. Dozi ya koo la namna ile ni siku 10 kamili, au sindano moja ya penisilini. Na nilichokuta kigumu zaidi kukipokea ni hiki: hata dawa ikichelewa kuanza, ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume bado inaweza kuizuia homa hii isije.

Nilikuwa na siku 9.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu nisingependa mama yeyote asome hapa kisha akimbilie duka la dawa kila mtoto akikohoa. Koo nyingi zinazouma ni za virusi, na dawa hizi hazizifai kitu. Mtoto anayepiga chafya, anayetoka makamasi, aliyekauka sauti, mara nyingi si huyu. Na hata kwenye koo la bakteria wenyewe, streptokoka wa kundi A, ni watoto wachache tu ambao mwili wao huishia kwenye homa ya baridi yabisi. Wapo pia wengi waliopata ugonjwa wa moyo ambao hakuna anayekumbuka koo lolote. Nayajua haya. Nimejisomea mara nyingi ili nilale. Ule ujumbe wa malipo bado upo, na bado sijaufuta.

Na kuna jambo jingine nisilotaka kuliruka. Mdogo wake Mwaju alikatwa kimeo akiwa na mwaka mmoja, kwa wembe, uani kwa mtu, kwa sababu alikuwa anakohoa kila siku. Alitoka damu hadi tukaogopa. Wengi wetu tunapoambiwa koo tunakimbilia kimeo, kile kinyama kinachoning'inia, ambacho hakina kosa lolote. Streptokoka hawapungui hata mmoja kwa kukatwa kimeo.

## "Mwizi!"

Mtu yeyote aliyekulia Buguruni anaijua sauti hiyo. Mtu mmoja anapiga ukelele, mtaa mzima unatoka. Wanamkimbiza waliyemwona kavaa fulana nyekundu. Na wakati mwingine yupo kijana mwingine amevaa fulana nyekundu, anatoka kununua mkate.

Sijapata mfano bora zaidi wa kumweleza mtu kilichompata Mwaju. Streptokoka ana ngozi yenye protini ambayo kwa sehemu fulani imefanana na protini za moyo wetu. Kinga ya mwili inamwona mdudu kooni, inapiga ukelele, inatengeneza askari wake, inamshika, inammaliza. Kazi nzuri. Halafu wale askari, bado wana hasira na bado wanaikumbuka ile fulana, wanapita kwenye moyo wanaona sura inayofanana. Wiki mbili tatu baada ya mwizi kufa, wanaanza kumpiga asiyehusika.

Kipigo kikubwa hupata valvu, ile milango inayoruhusu damu iende mbele isirudi nyuma. Zaidi sana valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, iliyopewa jina hilo kwa sababu imefanana na kofia ya askofu. Ikivimba kisha ikapona kwa kovu, inakuwa fupi na ngumu, haifungi vizuri, damu inavuja kurudi ilikotoka. Au miaka baadaye inashikana na kuwa nyembamba, damu haipiti. Ya Mwaju inavuja. Daktari alituonyesha kwenye skrini ya kipimo cha eko, kile kinachopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti: rangi ya bluu ikirushwa kinyumenyume kila moyo ukipiga.

Mwaju aliitazama kwa makini kuliko sisi sote. "Inarudi," alisema.

Mtaa uliokwisha kosea mara moja hauhitaji ukelele mkubwa mara ya pili. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini. Kila koo jipya la streptokoka linaweza kuiamsha kinga ileile, na kila shambulio linaongeza kovu juu ya kovu. Shambulio la kwanza la Mwaju, lile la "anakua", huenda lilimwachia moyo uliokwaruzwa kidogo tu. La pili ndilo lililofungua mlango.

Kwa hiyo swali liliacha kuwa nini kilitokea. Likawa: tunazuiaje la tatu?

## Siku 28

Jibu ni penisilini. Si kidonge kipya cha bei mbaya, ni dawa ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, katika umbo linaloitwa benzathini, linalokaa ndani ya msuli na kuyeyuka pole pole kwa wiki kadhaa. Sindano moja kila baada ya wiki 4, ili streptokoka akija asikute nafasi.

Ukisikia hivyo unadhani kazi imekwisha. Ndipo ilipoanza.

Dawa hii ni nzito, nyeupe kama tui. Inahitaji sindano nene na mkono wa taratibu. Paja linauma siku mbili, wakati mwingine Mwaju anachechemea shuleni na wenzake wanamuuliza. Mara ya kwanza aliniangalia tu. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu alikuwa ameshapata nguvu, anacheza rede, homa hakuna, viungo havimuumi, na akaniuliza kwa utulivu kabisa:

"Mamdogo, mbona mnanichoma na sina kinachoniuma?"

Sikuwa na jibu. Sisi watu wa hapa tumezoea dawa inayofuata maumivu. Maumivu yakiondoka, dawa inawekwa juu ya kabati. Hata chanjo tunazielewa: unachomwa mara chache ukiwa mdogo, yameisha. Lakini mtoto mzima, mwenye furaha, kutolewa shuleni kila mwezi akachomwe mpaka achechemee, kwa ajili ya koo ambalo bado halijauma? Kwa muda gani?

Daktari alisema miaka 10 angalau. Kwa mtu ambaye valvu yake imeshaharibika, huenda mpaka afike 40. Usiku nilichukua simu nikapiga hesabu: sindano 13 kwa mwaka, miaka 27. Sindano 351. Nikaizima simu.

Nakiri kwamba nilitetereka. Mwezi mmoja ulikuwa wa mitihani, nikasema tutakwenda wiki ijayo. Dada yangu anatoka nyumbani saa kumi usiku kwenda kufungua meza yake Kariakoo, anarudi giza, kwa hiyo kadi ya Mwaju ni mimi ninayeishika. Na mimi niliisoma vibaya. Kwa kuwa sindano ya kwanza ilikuwa tarehe 12, nilijipangia kila tarehe 12. Nesi ndiye aliyenisahihisha. Alihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani: kutoka tarehe 12 hadi tarehe 12 mara nyingi ni siku 30, au 31. Dawa huwa imeshaanza kupungua mwilini hata kabla ya wiki ya nne kutimia. Zile siku mbili tatu ninazoziona si kitu ni mlango ulioachwa wazi.

"Siku 28, mama. Si mwezi."

Kilichonituliza shaka ya kuchomwa ukiwa mzima kilitoka jirani, Uganda. Huko Gulu watafiti walipima mioyo ya wanafunzi kwa eko na kuwapata wenye dalili za mwanzo kabisa kwenye valvu, watoto wasioumwa chochote, ambao mzazi hajui na mwalimu hajui. Watoto 818, wa miaka 5 hadi 17, waligawanywa kwa kura: nusu wachomwe benzathini kila wiki 4, nusu wafuatiliwe bila sindano. Baada ya miaka 2 wakapimwa tena. Katika kundi lisilochomwa, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 33. Katika kundi la sindano, 3.

Mwaju si sawa na watoto wale. Yeye ameshapita hatua hiyo. Lakini nilimsomea. Alikaa kimya, kisha akauliza kama wale 33 walijua wako kundi gani. Nikamwambia walijua. Akasema, "Pole yao."

Hakuniuliza tena kwa nini anachomwa. Aliomba tu kitu kimoja, kwamba nesi achanganye dawa ya ganzi kama alivyofanya siku moja. Tangu siku hiyo huwa naomba kabla hata sijakaa.

## Dada wa benchini

Pale kliniki kuna dada mmoja tunakutana naye, ana miaka ishirini na kitu. Ukikaa karibu naye wakati wa ukimya unasikia kitu kinagonga ndani ya kifua chake, mfano wa saa ya ukutani. Ni valvu ya chuma. Alifanyiwa upasuaji hapohapo Upanga, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo tangu ianzishwe mwaka 2015 imewapunguzia wengi safari ya kutafuta matibabu ya moyo nje ya nchi.

Nilidhani valvu mpya ndiyo mwisho wa habari. Yeye ndiye aliyenitoa tongotongo. Damu ikigusa chuma hutaka kuganda, kwa hiyo kila siku, maisha yake yote, anameza wafarini ya kuifanya iwe nyepesi. Ikiwa nyepesi mno, anatokwa damu. Ikiwa nzito, bonge linaweza kuiziba valvu au kupanda ubongoni. Anapimwa mara kwa mara kujua yuko wapi. Na mboga za majani zinaingilia kazi ya dawa hiyo kwa sababu ya vitamini K iliyomo ndani yake: mchicha, kisamvu, matembele. Hakukatazwa kula. Aliambiwa asiyumbe, leo bakuli zima, wiki ijayo hata jani.

"Wewe jaribu kupika hivyo kwenye nyumba ya watu wanane," aliniambia.

Kisha, akiangalia mbele, akasema anataka mtoto. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Kuiacha bila mpango ni hatari kwake mwenyewe. Wapo wanawake wengi ambao hata hawajui wana ugonjwa huu mpaka wabebe mimba, kwa sababu damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha. Yeye angalau anajua. Madaktari wamemwambia asishike mimba kabla ya kuzungumza nao, na anasema atazungumza nao, akishampata wa kuzaa naye.

Mwaju alikuwa amekaa katikati yetu muda wote. Nilijua anasikia. Sikumziba masikio.

## Nilichomwambia Bibi

Nyumba ya Bibi ni chumba na sebule. Ndani ya chumba kuna kitanda cha futi tano kwa sita, godoro jingine la kutandika usiku, na kabati refu lililowekwa dirishani kwa sababu hapakuwa na ukuta mwingine. Wanalala watano. Mmoja akipata mafua Jumatatu, kufika Ijumaa wote wanapenga.

Ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi hauambukizwi. Hilo daktari alisema kweli tupu. Goti lililosagika haliwezi kuharibu valvu ya mtu mwingine hata mkilala miaka mia. Lakini streptokoka anaambukizwa, kwa pumzi, kwa mate, kwa kikombe kimoja, na anapenda sana watu wanaolala wamebanana ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Ulaya na Marekani ugonjwa huu ulianza kupungua hata kabla ya penisilini kusambaa, nyumba zilipopanuka na watu wakaacha kulala kumi chumba kimoja. Leo duniani watu zaidi ya milioni 40 wanaishi nao, na wengi wako sehemu kama zetu. Mwaka 2018 mawaziri wa afya wa dunia walipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu kule Geneva. Nilifurahi kulijua. Halafu nikafikiria kodi ya chumba cha pili Buguruni.

Kwa hiyo ningemwambia nini? Nikisema "hapana, hukuhusika," ningempumzisha, na kabati lingebaki dirishani. Nikisema "ni msongamano," angesikia kwamba ni kweli, kwamba kitanda chake ndicho kilichomuumiza mtoto. Miezi minne nilikuwa napita kwake, namwona anakunja mkeka asubuhi, goti limekakamaa kwa baridi ya sakafu, na ninazungumza habari ya bei ya mchele.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunachambua mchele huohuo. Nikaanza, na sikuanza vizuri. Nilieleza kuhusu bakteria, akaitikia "ehe" bila kuinua macho. Basi nikamkumbusha kijana wa fulana. Kila mtaa una wake, na wa kwetu Bibi alimjua mama yake. Nikamwambia mwili wa Mwaju ulifanya vile.

Aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo ni walinzi wake mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na goti langu halimo."

"Halimo kabisa."

Alikaa kidogo. Mimi nikaona hapa ndipo ningeweza kunyamaza.

"Lakini yule mwizi wa kwanza," nikasema, "anaingia kwa pumzi zetu sote. Yangu, yako, ya watoto. Chumba kinabana, mama. Si wewe. Ni chumba. Na vile vidonge nilivyokatisha nilivikatisha mimi."

Nilikuwa sijawahi kulisema hilo mbele ya mtu. Bibi hakuniambia si kosa langu, na nashukuru hakuniambia. Alinishika kidole cha shahada kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo tukivuka barabara ya Uhuru, akakishikilia. Kisha akasema:

"Basi kabati litoke dirishani."

Tulilitoa siku ileile, mimi na vijana wawili wa jirani. Limekwenda sebuleni, sasa ukiingia unapita kwa ubavu. Dirisha lilikuwa halijafunguliwa miaka mingapi sijui. Bawaba ililia, vumbi likaanguka, na mwanga ukaingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Fundi amepima nyavu ya mbu. Godoro la watoto tumelisogeza upande wa pili, na wanalala vichwa huku na huku.

Kuhusu tarehe, Bibi ameninyang'anya kadi. Sindano ya mwisho ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ya kikoba chao. Siku 28 ni wiki nne kamili, haizidi wala haipungui. "Vikao vinne, sindano moja," alisema, na akaenda kumweleza mweka hazina wake amkumbushe. Miezi minne nilikuwa naweka kengele kwenye simu na kuzichanganya. Sasa akina mama kumi na wanne wa Buguruni wanajua siku ya sindano ya Mwaju.

Nililala kwao usiku ule. Nilikuwa sebuleni, mlango wa chumba uko wazi, upepo wa kutoka dirishani unafika mpaka kwangu. Nilimsikia Bibi akiukunja mkeka, akiusimamisha ukutani. Kitanda kikalia.

"Sogea, mama," alimwambia mjukuu wake. "Na huo mguu wako uweke palepale."